Ng'ombe wa Mkalimani

Katika msiba mmoja hapa Kagongwa, mwalimu kijana aliyevaa vizuri na kusema vizuri aliwasimulia waombolezaji kwamba zamani za Mwingereza palikuwa na mkalimani wa boma aliyekosea neno moja la Kiingereza, na kwa kosa lake kijiji kizima kikafyeka malisho yake chenyewe. Watu walicheka mpaka wenye msiba nao wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa mkeka wa pili kutoka alipokuwa. Mkalimani huyo ni mimi, na habari hiyo si ya kweli.

Sikumkatiza, kwa sababu msibani mtu hakatizwi. Wapo pia wanaoisimulia kinyume: kwamba nilifika mbio na bunduki ya serikali nikawafukuza wafyekaji. Huo nao ni uongo, ingawa ni uongo unaonipendeza zaidi. Bunduki sijapata kuishika maishani mwangu. Nilishika shoka, tena nikafyeka pamoja nao. Ninyi vijana mnaokalimani leo mahakamani, migodini na katika mikutano ya wageni, nawaandikia ninyi, ili jambo hili likae mahali pake, na ili mpate humo kitu cha kuwafaa kazini.

Neno lenyewe nitaliandika kama tulivyolitamka: klia. Ni neno dogo, na hiyo ndiyo hatari yake. Neno kubwa la Kiingereza halimdhuru mtu, kwa kuwa likitamkwa kila mmoja huuliza maana yake. Neno dogo huingia ndani bila kubisha hodi, na hakuna anayeinua kichwa kulitazama.

Shuleni tuliambiwa kwamba klia ni "safi" au "wazi". Tuliandika hivyo, tukapata vema, nami nikadhani nimelimaliza. Kisha nikaajiriwa bomani kama karani na mkalimani, nikazungushwa ofisi moja baada ya nyingine. Kwa bwana wa mbung'o, aliyepambana na nzi wa malale, klia ilikuwa ni kufyeka pori mpaka jua lipige ardhi. Hospitalini, daktari alimwekea mgonjwa kifuani mpira wa kusikilizia, akasema klia, na mgonjwa akavaa shati aende zake. Mahakamani, mtu aliyekuwa klia alifunguliwa pingu. Stesheni ya Isaka, laini ikiwa klia treni iliruhusiwa kupita. Dukani, mwenye duka aliyetaka kuklia aliuza vitambaa vya mwaka jana mpaka rafu zikabaki tupu. Tena nilimsikia mzungu mmoja akilitumia neno hilo kwa maana tatu katika asubuhi moja, bila kubadili hata sura.

Niliwahi kumwambia mzee mmoja wa upande wa Ushirombo, aliyekuwa akiugua kikohozi, kwamba daktari amesema kifua chake ni cheupe. Mzee alifungua vifungo, akajitazama kifuani, kisha akaniambia kwa upole mkubwa, "Karani, naona macho yako ndiyo yanayotaka dawa."

Aliyenitoa katika ujinga huo ni Mzee Simeoni, mkalimani mkuu wa boma letu, mtu wa misheni, mwembamba, aliyemshuku kila mtu, mzungu kwa mwafrika. Siku aliponishuku na mimi, nilijua kwamba nimeanza kuijua kazi.

"Zakaria," aliniambia, "acha kutafsiri neno. Tafsiri mkono."

"Mkono gani, mzee?"

"Mkono wa anayesikia. Akishasikia, mkono wake utafanya nini? Utashika shoka? Utafungua pingu? Utapungia treni bendera? Kama hujauona huo mkono, funga mdomo, uliza."

Alinifundisha mengine, na yote yamenifaa. Usile kwa upande wowote kabla ya baraza, hata kama njaa inakuuma. Usisimame nyuma ya mkubwa kama kivuli chake. Simama ubavuni, watu waione midomo yote miwili. Ukimaliza kusema, mwambie aliyesikia alirudishe neno kwa maneno yake mwenyewe, na akikasirika mwache akasirike. Juu ya yote aliweka sharti moja: mkalimani asiwe na ng'ombe ndani ya shauri. "Ukiwa na hata ndama mmoja upande mmoja," alisema, "ulimi wako utalalia upande huo, kama mtu alalaye karibu na moto." Sharti hilo la mwisho ndilo lililokuja kunipata, kama mtakavyoona.

Katika miaka ninayoisimulia, Mzee Simeoni alikuwa amekwisha kustaafu, nami nilikuwa nimekaa mahali pake. Bwana Shauri, yaani ofisa aliyesikiliza mashauri ya watu, alikuwa kijana mgeni, mwenye haraka na nia njema. Alikuwa na desturi ya kumaliza kila agizo kwa kuuliza, "Klia?" Wazee barazani walimjibu kwa sauti moja, "Klia!" na kupiga makofi. Alirudi ofisini akiamini kwamba ameeleweka. Mimi nilishuku. Siku moja niliwauliza wazee pembeni, "Klia ni nini?" Mmoja wao alinishangaa. "Wewe si msomi? Si ndiyo amina yao?"

Sasa niseme habari ya ngitili, kwa kuwa baadhi yenu mmezaliwa mjini. Ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zinapoanza. Hakuna anayeingiza mnyama humo. Mpakani hufungwa fundo la nyasi kwenye matawi, na fundo hilo lilitosha, sikumbuki mlinzi. Majani hukua, hukauka yakiwa yamesimama, na kiangazi kikikaza, wakati ardhi nyingine yote imebaki vumbi, ngitili hufunguliwa na ng'ombe huokoka. Lakini mgeni akipita humo haoni kitu ila pori lenye migunga na nyasi ndefu, bila nyumba wala shamba wala mnyama. Kitu chenye thamani kuliko vyote kijijini huonekana kama mahali palipotupwa.

Kijiji ninachokisema kilikuwa magharibi ya Kagongwa, na ngitili yake ilikuwa kubwa. Hapo akatokea mzungu mtafuta dhahabu, ambaye watu walimwita Bwana Nyundo kwa sababu hakuliacha jiwe bila kuligonga. Aligonga mawe ndani ya ngitili ile, akapenda alichokiona, akaenda kwa Bwana Shauri kuomba kuchimba mitaro. Bwana Shauri alimjibu kwamba kwanza atakwenda mwenyewe kutazama kama pale ni klia, yaani kama hapana mtu anayepatumia. Akaagiza wenyeji wapelekewe habari: ofisa atakuja kuuliza kama ni klia.

Agizo hilo sikulipeleka mimi, na ninaomba mwalimu yule wa msibani asome mstari huu mara mbili. Nilikuwa Shinyanga mjini pamoja na hakimu kwa shauri la wizi wa mifugo. Aliyelipeleka ni nyapara wa Bwana Nyundo, jina lake Feruzi, mtu aliyefanya kazi migodini Geita na kuokota Kiingereza chake chini ya shimo. Alikuwa mcheshi, hodari, mwenye kofia ya bati aliyoivaa hata mahali pasipo na jiwe la kumwangukia. Bwana Shauri alimtuma kwa sababu alikuwa anarudi huko huko. Feruzi alifika, akawaambia watu: serikali inataka ngitili iwe klia kabla Bwana Shauri hajaja.

Hapo fikirini kama watu wa kule walivyofikiri. Wenyeji wale walikuwa wamefyekeshwa pori kwa ajili ya mbung'o miaka na miaka. Neno lile walilijua kwa mikono yao: serikali ikisema klia, maana yake ni shoka. Hawakuhitaji mtu wa kuwatafsiria. Walihuzunika, wakanung'unika usiku kucha, na asubuhi wakapiga ngoma ya kazi, kwa sababu waliokataa kufyeka miaka ya nyuma waliadhibiwa, na kila mmoja aliikumbuka adhabu.

Nilirudi bomani nikamkuta tarishi Mabula akifuta baiskeli.

"Shikamoo, karani. Watu wa kule kwenye ngitili wana utii siku hizi, acha kabisa."

"Marahaba. Utii wa nini?"

"Wanafyeka. Nimepita jana, migunga inalala kama wagonjwa."

Niliingia kwa Bwana Shauri nikamwuliza alisema nini, naye akanieleza kama nilivyokwisha kuwaeleza. Nilimwuliza mara ya pili, akakasirika, nikamwacha akasirike. Nilipomwambia kinachotendeka alisimama wima, akaniamuru niende kuwasimamisha, yeye angefuata kesho yake pamoja na Bwana Nyundo. Nilipanda baiskeli nikiwa na koti langu, kaptula ya kaki iliyopigwa pasi na soksi zilizofika magotini.

Nilifika jua likiwa limepanda. Watu walikuwa wamejipanga mstari mmoja mrefu, wake kwa waume, ngoma nyuma yao, mashoka yakipanda na kushuka kwa mpigo. Karibu nusu ya ngitili ilikuwa chini. Nikapaza sauti kuwasalimu, "Mwangaluka!" Hakuna aliyeitika. Nikaenda mbele ya mstari, nikainua mikono, nikasema kwa amri ya serikali waache.

Aliyenijibu ni Masanja, nsumba ntale wa kijiji, yaani kiongozi wa vijana mwenye mamlaka juu ya kazi zote za pamoja. Alikuwa mfupi, mpana, na hakuacha kukata wakati anasema.

"Karani, unauona mstari huu?"

"Nauona."

"Uko mbele yake. Mbele ya mstari pana vitu viwili tu: mti na mvivu. Wewe ni kipi?"

Mstari mzima ulicheka. Mnapaswa kuielewa desturi hii, kwa kuwa hapa ndipo wasimuliaji wote wanapokosea. Ngoma ya kazi ikishapigwa, hasemi mtu wa pembeni. Mtemi mwenyewe angengoja. Anayetaka kusema huingia mstarini, huchukua zana, hufanya kazi mpaka mapumziko, na mapumziko yakifika ana haki ya kusema kama mwingine yeyote. Ningeweza kutaja cheo changu. Ningeweza kuandika majina yao na kuwashtaki. Wangeendelea kukata, na kila dakika ya ubishi wangu ingekuwa mgunga mmoja chini.

"Nipeni shoka," nilisema.

Nikavua koti, nikaingia kati ya Masanja na mama mmoja mzee aliyeitwa Mayu Kabula, yaani Mama Kabula, nikaanza kukata ngitili ile ile niliyotumwa kuiokoa. Nilijaribu kukata polepole. Mayu Kabula aliona.

"Ng'wanawane," alisema, yaani mwanangu, "huo mti unaukata au unaubembeleza?"

"Nakata, mayu."

"Mke wako anapikia kuni za nani?"

Nikakata kwa nguvu. Mikono iliyozoea kalamu ilitoa malengelenge, na soksi zangu zilijaa miiba. Nyuma ya mstari, kivulini, nilimwona Feruzi amesimama na kofia yake ya bati, anavuta sigara. Alikuwa akiita, "Harakisheni, jamani, Bwana Shauri anakuja!" Aliponitambua, sigara ilisimama hewani. Nawaachia ninyi muamue ilisimama kwa sababu gani. Mimi niliona, nikaliweka jambo hilo moyoni.

Ngoma ilinyamaza. Watu walikaa, togwa likapitishwa. Nilisimama nikawaeleza kwamba serikali haikutaka pori lifyekwe, ilitaka kujua kama pana wenyewe. Nilieleza vizuri, naamini, tena kwa Kisukuma safi. Nilipomaliza, nilimwomba Masanja alirudishe neno kama alivyolisikia.

"Nalirudisha," alisema. "Juzi alikuja mtu wa wazungu akasema fyeka. Leo amekuja mtu wa wazungu anasema acha. Kesho atakuja wa tatu na polisi, atauliza: nani aliacha? Ndivyo nilivyosikia."

"Mimi ndiye mkalimani wa boma."

"Na yule?"

Nikamgeukia Feruzi. "Nyapara, waambie ulivyoambiwa na Bwana Shauri, neno kwa neno."

"Alisema klia."

"Alisema iwe klia, au alisema atauliza kama ni klia?"

Feruzi alicheka, akazungusha kofia kichwani. "Karani, klia ni klia. Mimi si mwalimu wa shule."

Hapo nilijua kwamba ama hakujua tofauti, ama aliijua sana. Maana fikirini: ngitili iliyofyekwa si ngitili tena. Bwana Shauri angefika, angekuta visiki na nyasi zilizokanyagwa, angeuliza nani anapatumia, na jibu lingekuwa machoni pake. Wenyeji wangekuwa wamefuta ushahidi wao kwa mashoka yao wenyewe, na mzungu wa Feruzi angechimba bila kuzuiwa na mtu. Sikuwa na ushahidi. Wala leo sina.

Ndipo Mayu Kabula akauliza, "Huyu karani ana ng'ombe?"

"Anao," mtu alijibu. "Wapo kwa mjomba wake, kijiji cha pili. Wa mahari ya mdogo wake."

"Basi neno lake lipimwe kwa hao. Karani, ng'ombe wako watakula wapi kiangazi hiki?"

"Kwenye ngitili ya mjomba, mayu."

"Watoe huko. Walete kwetu leo. Ngitili yetu ikipona, watakula na wetu. Ikichukuliwa, watakufa na wetu, na mdogo wako atakaa kapera. Hapo tutajua unaamini unachosema."

Masanja alitikisa kichwa kukubali. "Ngoma itakaa kimya mpaka jioni. Wakija, tunaacha. Wasipokuja, tunamaliza kilichobaki."

Sharti la Mzee Simeoni lilinijia kichwani kana kwamba amesimama pale na fimbo yake. Mkalimani asiwe na ng'ombe ndani ya shauri. Katika miaka yangu yote nilikuwa nimekataa kuku, nimekataa mayai, nimekataa hata kivuli cha mti wa mshtakiwa. Na sasa neno la kweli, lililotafsiriwa sawasawa, halikuwa na thamani yoyote mpaka nililipie dhamana ya mifugo ya mdogo wangu. Nilikasirika sana. Bado nimekasirika kidogo.

Nikaenda. Mjomba aliniuliza kama nina homa. Nilimweleza, naye akasema, "Kama neno lako huwezi kuliwekea ng'ombe, usilitumie kwa watu," akanifungulia zizi. Nikawaswaga mwenyewe njia nzima, kaptula imechanika, mmoja wao mwekundu mwenye pembe moja akinikimbia kila tulipopita shamba la mtu. Jua lilikuwa bado halijagusa miti nilipowafikisha. Mayu Kabula alimtazama yule mwekundu kuanzia pua mpaka mkia.

"Kumbe una ng'ombe wazuri," alisema. "Ningejua ningekuamini mapema."

Hawakuingizwa ngitilini, kwa kuwa siku ya kuifungua ilikuwa haijafika. Walifungwa pamoja na ng'ombe wa kijiji, na ngoma ya kazi ikatundikwa.

Kesho yake Bwana Shauri alikuja, pamoja na Bwana Nyundo, Feruzi na mwanangwa, mkuu wa kijiji. Watu walikusanyika penye mpaka wa visiki na migunga iliyosalia. Nilichukua nafasi yangu ubavuni mwa Bwana Shauri. Akasema nifungue baraza. Nami, badala ya kufungua, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba siwezi kukalimani.

"Kwa nini?"

"Nina ng'ombe ndani ya shauri hili, bwana. Malisho haya yakienda, na wangu wanakwenda. Si halali ulimi wangu uwe kati yako na watu hawa."

Alinitazama kama mtu aliyetumikiwa na kiti miaka mingi, kisha kiti kikakataa kukaliwa. "Zakaria, hapa hakuna mtu mwingine anayejua Kiingereza."

"Yupo, bwana," nikasema. "Nyapara Feruzi."

Najua mnachofikiri. Masanja alifikiri hivyo hivyo, akanong'ona sikioni mwangu, "Karani, umetuuza?" Nilimwambia asubiri. Feruzi aliyekuwa akimshukuru Mungu moyoni alipandishwa mbele. Ndipo nikamwomba Bwana Shauri jambo moja: kwamba kwa kuwa mimi sasa ni shahidi tu, nikae mstari wa mbele, na kwamba kila Feruzi atakapotafsiri, Bwana Shauri alirudishe neno kwa Kiingereza kwa sauti, na wazee walirudishe kwa Kisukuma. Akakubali, kwa kuchoka nadhani.

Vijana, sijapata kusikia ukalimani mzuri kama wa Feruzi siku ile. Kila alipofungua kinywa, alinitazama kwanza. Mimi sikukunja uso, sikutikisa kichwa. Nilikaa na mikono magotini, nasikiliza lugha zote mbili. Jasho lilimtoka chini ya kofia ya bati mpaka akaivua. Mara moja tu alianza kusema kwamba wenyeji wamepasafisha mahali hapo kwa hiari yao. Akaniona. Akakohoa, akasema, "Samahani, bwana, naanza tena," akaanza tena, akasema sawasawa: kwamba walifyeka kwa sababu waliambiwa kuwa ni amri.

"Amri ya nani?" Bwana Shauri aliuliza.

Feruzi alilitafsiri swali hilo kwa Kisukuma, kwa sauti ndogo. Hakuna aliyejibu. Macho ya watu wote yalikuwa kwake, na ilimbidi autafsiri hata ukimya ule. "Wanasema," alianza, akameza mate, "hawasemi kitu, bwana. Wananitazama mimi."

Bwana Nyundo ndiye aliyecheka wa kwanza. Siwezi kumsingizia mtu yule; sikuona dalili kwamba alijua lolote, na ingawa alikuwa na haraka ya kuchimba, hakucheka kama mtu aliyeshindwa. Mwanangwa alionyesha mafundo ya nyasi yaliyosalia mpakani, akaeleza ngitili ni nini, kisha akaonyesha ng'ombe wakiwa zizini. Bwana Shauri aliuliza ni wa nani yule mwekundu mwenye pembe moja. Feruzi alitafsiri, Mayu Kabula akajibu, Feruzi akarudisha: "Ni wa karani, bwana. Mama huyu anasema amemshika kama mateka, mpaka serikali iseme kitu kimoja kwa siku mbili mfululizo."

Bwana Shauri akasema kwamba mahali pale pana wenyewe, na Bwana Nyundo atafute mawe yake ng'ambo ya mto. Akamaliza kwa mazoea yake: "Klia?"

Hakuna aliyepiga makofi. Masanja aliinuka, akamwambia Feruzi, "Mwulize anataka mikono yetu ifanye nini." Sikumfundisha mimi kusema hivyo. Sijui alilitoa wapi. Bwana Shauri alifikiri, akajibu: wakae, walinde, wafungue kiangazi kama kawaida yao. "Basi," wazee wakasema, "klia."

Nusu iliyofyekwa ilichipua tena visikini, kama migunga inavyofanya, lakini haikunenepa kama zamani kwa miaka kadhaa. Kiangazi kile kilikuwa kikali. Ng'ombe wangu walikula katika nusu iliyobaki, wakatoka wamekonda lakini wazima, na mdogo wangu akaoa. Mzee Simeoni alipopata habari, alisema, "Sharti ulilivunja." Nikamwambia ndiyo, lakini nilitangaza mbele ya baraza na nikashuka kitini. Naye akasema, "Basi waambie wanaokuja baada yako: wasiwe na ng'ombe ndani ya shauri. Wakiwa naye, wamwonyeshe." Ndiyo sababu nawaambia.

Habari ya Feruzi sikuiacha. Nilimshuku miaka yote. Nilimwulizia kwa watu waliofanya naye kazi Geita. Wengine walisema ni mjinga mwema, wengine walisema hajawahi kukosea neno ila pale kosa lilipomfaidi. Nchi ikiwa imekwisha kuwa yetu, nilikutana naye stesheni ya Isaka, naye ana mvi, bila kofia. Alinitambua kwanza.

"Karani Zakaria! Bado unanitazama kama siku ile."

"Nakutazama tu."

"Mambo ya zamani hayo. Mimi na wewe, sasa, klia?"

Treni ilikuwa inaingia, na watu walikuwa wanatusukuma kwa mizigo yao. Ningeweza kumwuliza kama alikusudia. Nilijua ningepata jibu zuri, na nilijua nisingeliamini.

"Neno hilo nalijua," nilimwambia. "Nionyeshe mkono."

Alishangaa kidogo, akaunyoosha. Niliutazama kwanza, kiganja na mgongo wake, kisha nikaupokea.